Gia ya Pili Inayoruka: Uchambuzi wa Giaboksi ya Vespa P150X ya Mwaka 1981

Vespa inayozungumzwa hapa ni P150X ya mwaka 1981, mali ya mjomba wangu, na kwa miaka mingi imekuwa ikitumika kila siku mjini Unguja kwenda sokoni Darajani, kazini na msikitini. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: gia ya pili haikai. Ukiondoka na gia ya kwanza, ukaingiza ya pili na kuvuta mafuta, injini inanguruma ghafla bila kusukuma, chuma kinasikika kikigonga chuma, na mshikio wa kushoto unajipindua wenyewe mkononi kuelekea nyutro. Ukiirudisha inashika kwa muda, kisha inaruka tena, hasa baada ya tuta, mahali ambapo mwendeshaji huachia mafuta na kuyavuta upya akiwa katika gia hiyohiyo. Vespa iliyopakia mtu nyuma ikipoteza gia mbele ya daladala si jambo la kuvumilia.

Ubovu huu ulikuwa umeshatengenezwa. Haujatimia mwaka tangu fundi mmoja aipasue injini hiyo na kuweka kipande kipya cha kuchagulia gia, na kwa miezi michache mambo yalikuwa mazuri. Kwa hiyo swali la kisa hiki si kipande gani kimekufa, kwani hilo mtu yeyote aliyewahi kushika vespa angelikisia kabla ya kuishusha injini. Swali ni kwa nini kipande kipya kimekwisha upesi kiasi hicho.

Bila kuelewa mpango wa giaboksi hii jibu halionekani. Piaggio, watengenezaji wa vespa, walipotoa PX (familia ya P150X hii) mwaka 1977 walibadilisha bodi na sehemu ya mbele, lakini giaboksi waliiacha katika mpango wa vespa zao kubwa za zamani. Kuna gia nne kwenye shafti ya tairi la nyuma, na zote nne zimeng'atana wakati wote na gia za shafti ya pili inayozungushwa na klachi. Gia hizo nne hazikufungwa kwenye shafti. Zinazunguka huru juu yake. Shafti yenyewe ina tundu ndani na imechanwa kwa urefu, na humo ndani kuna kipande cha chuma chenye mikono minne, umbo la msalaba, kinachotelezeshwa mbele na nyuma kwa fimbo. Mikono ya msalaba huo hutokeza kupitia michano ya shafti na kuingia katika mapengo yaliyokatwa ndani ya gia. Gia iliyoshikwa na msalaba ndiyo inayogeuza tairi. Zile tatu nyingine zinazunguka bure. Mshikio wa kushoto wa usukani huvuta waya mbili zinazokwenda kwenye kisanduku cha gia chini ya injini, na kisanduku hicho ndicho kinachosukuma fimbo ya msalaba. Mpangilio ni gia ya kwanza, nyutro, ya pili, ya tatu na ya nne.

Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, nguvu yote ya injini inapita katika kingo za mikono minne midogo, na kingo hizo zikipoteza makali yake ya pembe mraba, nguvu ileile inayopaswa kuzungusha gia hugeuka kuusukuma msalaba pembeni hadi utoke. Pili, msalaba hautashika vizuri kama gia yenyewe haijakaa mahali pake. Gia nne zimepangwa juu ya shafti, zikazuiwa upande mmoja na bega la shafti na upande wa pili na washa nene, yaani pete bapa ya chuma, iliyofungwa kwa klipu. Zikibanwa mno hazizunguki. Zikilegea mno zinatembea kwenda na kurudi, na msalaba unaingia nusu. Kiwango cha mwanya kinachokubalika, kati ya washa hiyo na gia ya kwanza, ni kati ya milimita 0.15 na 0.40. Jambo la kwanza linajulikana na mafundi wote. La pili linasahauliwa sana, na hapo ndipo kisa hiki kilipojificha.

Kabla ya kushusha injini, kazi ya nje inapaswa kumalizwa kikamilifu, kwa sababu gia inayoruka inaweza kuwa na sababu ya bei ya waya moja tu. Waya za gia zikilegea, mshikio unaweza kuwa umesimama sawasawa kwenye alama ya pili ilhali kisanduku hakijafika. Kipimo rahisi ni kuushika mshikio kwa nguvu katika gia ya pili na kuvuta mafuta. Ikiwa gia inatoka huku mshikio umetulia, ulegevu uko kwenye waya. Ikiwa mshikio unasukuma kiganja kwa nguvu na kutaka kugeuka, basi msukumo unatoka ndani ya giaboksi yenyewe. Hapa mshikio ulisukuma. Hata hivyo nilikaza waya, nikafungua nati mbili za kisanduku na kukikagua chenyewe: kidole chake cha kusukuma fimbo hakikuwa kimeliwa, na springi inayokibakiza katika kila gia ilikuwa na nguvu; ukikizungusha kwa mkono unasikia wazi kila kituo. Kisanduku kikaondolewa katika orodha ya washukiwa.

Dalili iliyofuata ilikuja na oili. Giaboksi hii huchukua mililita 250 za oili ya SAE 30, na oili hiyohiyo ndiyo inayoogesha klachi. Nilipofungua nati ya chini injini ikiwa ya moto, kilichotoka hakikufika nusu ya kiasi hicho, kilikuwa chepesi, na kilinuka petroli. Sumaku niliyoitumbukiza ndani ya oili ilitoka imevaa vumbi la chuma laini, kijivu kilichokolea, pamoja na vipande vichache vinavyometa ambavyo ncha ya kidole ilivihisi. Nje ya injini hakukuwa na tone lililovuja, si chini ya kisanduku, si kwenye maungio, si nyuma ya breki. Nilipomuuliza mjomba kuhusu moshi, alisema kwamba tangu zamani vespa yake hutoa moshi mwingi kuliko za wenzake, ingawa anachanganya oili asilimia 2 tu kwenye petroli kama inavyotakiwa.

Oili inayopungua bila kuvuja nje, moshi unaozidi, na harufu ya petroli ndani ya giaboksi ni dalili tatu zinazoelekeza mahali pamoja: sili ya krenki upande wa klachi, yaani pete ya mpira inayoziba pembeni mwa shafti inayozungushwa na pistoni. Injini hii ni ya mapigo mawili, kwa hiyo chumba cha krenki hunyonya na kusukuma katika kila mzunguko. Sili inayokitenganisha na giaboksi ikichoka, mnyonyo unavuta oili ya giaboksi na kuichoma, na msukumo unarudisha mchanganyiko wa petroli ndani ya giaboksi na kuilainisha oili iliyobaki. Wengi huihesabu sili hii kuwa tatizo la injini tu, la moshi na plagi chafu. Kwa maoni yangu, katika vespa za umri huu sili hiyo ndiyo adui mkubwa wa giaboksi kuliko hata mizigo tunayopakia.

Injini ilishushwa nyumbani, uani, bila karakana. Vespa ina fadhila hiyo: ukishafungua waya za klachi, breki, gia na mafuta, nyaya za umeme, bomba la petroli, bolti ya shokomzoba na ile ndefu inayobeba injini, kazi imekwisha. Ile bolti ndefu ndiyo iliyosumbua, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani huigandisha ndani ya bomba lake. Ilihitaji mafuta ya kulegeza kutu, usiku mzima wa kusubiri, kisha mapigo ya taratibu huku nati ikiwa imerudishwa kwenye ncha ili nyuzi zisiharibike.

Kupasua injini kwenyewe kunahitaji subira kuliko nguvu. Nati nyingi za maungio huchukua spana ya 11, lakini klachi na flaiweli zinataka vifaa vyake, yaani spana ya taji kwa nati ya klachi na pula, kifaa cha kung'olea, kwa flaiweli. Asiye navyo aazime, asijaribu patasi. Vilevile nusu mbili za injini zisitenganishwe kwa bisibisi, kwa kuwa alumini ni laini na kovu moja kwenye uso wa maungio linatosha kuvujisha hewa, na injini ya mapigo mawili inayovuta hewa mahali pasipopaswa inakwenda ikiwa na joto kali mpaka pistoni inashika. Joto kidogo kwenye kuta za beringi na nyundo ya mpira vinatosha. Krenki isigongwe kabisa kwa nyundo ya chuma, na takataka isiruhusiwe kuanguka ndani, kwa sababu katika injini hii krenki yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga njia ya mchanganyiko kutoka kabureta; mkwaruzo kwenye uso ule unaopakana na krenki hautengenezeki kirahisi.

Nusu mbili zilipoachana, gia zilibaki upande wa klachi, gia ya kwanza, ile kubwa, ikiwa juu pamoja na washa na klipu yake. Hapo ndipo mkono wa fundi unapokimbilia klipu ili auone msalaba. Nilijizuia, kwa sababu mwanya una maana kubwa zaidi ukipimwa katika hali uliyoachwa na matumizi, kabla kitu chochote hakijaguswa. Fila, kile kijibamba chembamba cha kupimia mwanya, ya 0.40 iliingia ikiogelea. Ya 0.50 vilevile. Ile ya 0.60 ilipita kwa mguso mwepesi, bila kusukumwa. Gia zilikuwa zikitembea juu ya shafti mara moja na nusu ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa.

Ndipo nikatoa klipu na gia. Kila gia niliitunga kwenye waya kwa mpangilio wake na uso wake uleule ukielekea juu, kwani nyuso mbili za gia hizi hazifanani, na gia iliyogeuzwa itafungika bila kulalamika lakini haitafanya kazi. Fimbo ya msalaba ina nyuzi za kushoto, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha mazoea. Asiyejua hilo huikata. Msalaba ulipotoka, mikono yake mitatu ilikuwa imeliwa upande unaobeba nguvu wakati wa kuvuta mafuta, kona zimekuwa mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki mbili. Upande wa pili wa mikono hiyohiyo ulikuwa bado na makali ya kiwandani. Na jambo la kuangalia kwa makini zaidi lilikuwa hili: kuliwa huko hakukuchukua upana wote wa ukingo. Kulikuwa kwenye kama nusu ya upana tu, na nusu iliyobaki ilikuwa haijaguswa kabisa. Msalaba ule ulikuwa umeishi maisha yake mafupi ukishika gia ya pili kwa nusu ya mwili wake.

Hapo mnyororo wa sababu ulikamilika, na naueleza kwa mpangilio uliotokea badala ya mpangilio niliougundua. Sili ya krenki ilichoka, pengine miaka mingi iliyopita. Oili ikawa inapungua na kuyeyushwa na petroli. Gia zinazozunguka zikisuguana ubavu kwa ubavu, pamoja na washa inayozizuia, zilikuwa zikifanya kazi na oili kidogo na nyepesi, nyuso zake zikaliwa, na mwanya ukaongezeka polepole. Mwanya ulipopita kiwango, gia ya pili ikawa inakwepa msalaba, msalaba ukashika nusu, kona zikaliwa, gia ikaruka. Fundi wa kwanza alikuta msalaba umekufa, akaweka mpya, akafunga. Sili ile, ambayo katika PX imekaa nyuma ya beringi na haitoki bila injini kupasuliwa, ilikuwa wazi mbele yake na ilibaki ileile ya zamani: mdomo wake ulikuwa umekauka, mgumu, kucha haiwezi kuubonyeza. Washa pia ilibaki ileile, imeliwa na kung'aa upande mmoja. Hakuna ubaya katika msalaba aliouweka. Aliuweka katika nyumba iliyokuwa imeshaharibika.

Mtu anaweza kuuliza kama si haki zaidi kulaumu ubora wa vipuri, maana sokoni kuna misalaba ya chuma laini isiyodumu. Nililizingatia hilo. Lakini chuma laini kingeliwa upana mzima na katika gia zote zinazotumika, wala kisingeliwa nusu. Pia nilikagua kama aina ni sahihi, kwa sababu katikati ya miaka ya 1980 giaboksi ya PX ilibadilishwa: msalaba wa mwanzo umeinuka, wa baadaye ni bapa, na haviingiliani. Ulikuwa wa aina yake. Onyo hilo lina umuhimu kwetu, kwa kuwa muuzaji wa vipuri nitakayemwambia tu "vespa PX" atanipa kilicho mbele yake; niliyemwendea mimi alinipa bapa, nikaurudisha baada ya kuulinganisha na wa zamani kaunta palepale.

Uamuzi mgumu ulikuwa juu ya gia zenyewe. Mapengo ya gia ya pili yalikuwa yameanza kuinama kwenye kingo. Mwanga ukipigwa ubavuni unaona mstari mwembamba unaometa mahali ambapo pangekuwa na kona kali. Wapo wanaozisawazisha kingo hizo kwa jiwe la kunolea, nami naipinga njia hiyo, kwa sababu ugumu wa gia uko kwenye ngozi yake ya juu, na ukishaitoa unabaki na chuma laini kitakachoinama upesi zaidi. Gia ya pili ilibadilishwa kwa nyingine nzima iliyotoka katika injini iliyovunjwa, baada ya kuhesabu meno na kuhakikisha ni ya giaboksi ya kabla ya mabadiliko yaliyotajwa, kwani meno ya matoleo mawili hayalingani. Ya kwanza, ya tatu na ya nne zilibaki. Springi zilizo ndani ya gia kubwa inayopokea nguvu kutoka klachi, zile zinazopunguza mshtuko, zilijaribiwa kwa kuibana shafti na kuizungusha gia kwa mkono: zilikuwa ngumu na ribiti zake hazikulegea, nikaziacha.

Washa mpya zinauzwa kwa unene mbalimbali, na hapa hakuna njia ya mkato isipokuwa kupanga, kufunga klipu, kupima, kufungua na kujaribu nyingine. Niliyoridhika nayo iliacha mwanya wa 0.20. Ningeweza kukubali hata 0.30, lakini gia tatu ni za zamani na zitaendelea kuliwa, hivyo nilitaka nafasi ya kuliwa iwe mbele yetu. Kipimo kilirudiwa gia zikiwa zimezungushwa katika nafasi tofauti, kwa sababu washa isiyolala sawa hutoa jibu moja upande huu na jingine upande ule.

Sili zote mbili za krenki zilibadilishwa. Kabla ya hapo nilipitisha ukucha kwenye sehemu ya krenki ambayo mdomo wa sili hukaa. Kulikuwa na alama inayoonekana kwa macho lakini ukucha haukukwama. Kama ungekwama, sili mpya isingedumu na ingebidi krenki ishughulikiwe kwanza. Rola ndogo za shafti ya pili, ambazo ziko huru na kushikiliwa kwa grisi tu wakati wa kufunga, zihesabiwe zikitoka na zikiingia. Moja ikianguka ndani bila kuonekana itasaga kila kitu. Wakati wa kuunganisha nusu mbili, kiki ilisukumwa kidogo ili meno yake yapate kuingiliana, na nati zikakazwa kwa zamu, za pembe zikipishana, huku nikizungusha shafti na krenki kila hatua kuhakikisha hakuna kinachobana.

Oili iliyoingia ni SAE 30 ya kawaida. Oili nzito ya giaboksi za magari inafanya klachi igandane, na zile za kisasa zenye dawa ya kupunguza msuguano zinafanya iteleze, kwa kuwa hapa klachi na gia zinakula sahani moja. Vespa ilisimamishwa wima, oili ikajazwa mpaka ikaonekana kwenye ukingo wa tundu.

Majaribio yalifanywa katika barabara ya kwenda Bububu, mahali penye matuta ya kutosha, kwanza mtu mmoja, kisha na abiria. Gia ya pili ilivutwa mafuta kwa nguvu, ikaachiwa, ikavutwa tena, na mshikio haukusukuma kiganja. Moshi ulipungua baada ya ekzosi kumaliza kuchoma oili ya zamani iliyolowa ndani yake. Baada ya kilomita mia tatu hivi oili ilimwagwa yote: ilitoka kiasi kilekile kilichoingia, haikunuka petroli, na sumaku ilikuwa na vumbi kidogo la vipande vipya vinavyozoeana, bila hata kimoja kinachohisika kidoleni.

Kilichobaki ni mlio mwembamba wa kuimba katika gia ya tatu, unaosikika zaidi wakati wa kuachia mafuta kuliko wa kuvuta. Nadhani ni meno ya tatu ya zamani, ambayo ubavu wake umeliwa kama wenzake, na kwa sasa mlio huo hauhalalishi kupasua injini upya. Mjomba ameambiwa apime oili mwanzoni mwa kila mwezi kwa kufungua nati ya kujazia vespa ikiwa wima, na kwamba siku itakapoonekana imeshuka bila tone kuonekana sakafuni, aipaki na kunipigia simu kabla ya kusubiri gia iruke.